Mifupa Yangu Ina Mtihani Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu muuguzi (hospitali nzima inamtegemea, wala sisemi kwa kuwa nimemzaa mimi) amejifungua wa kike. Pua yangu hasa! Furaha ikaishia hapo. Kaniambia simbebi mtoto nimesimama mpaka nipigwe picha ya mifupa Alhamisi. Eti mwaka jana nilivunjika kidole kwa kufungua dirisha tu. Eti maziwa sinywi, dagaa sili, mboga nazikimbia, basi mwili umekosa kalsiamu unaichota mifupani. Na atakayembeba ni nani? Mama mkwe wake, Bi Manukato! Mpango ninao.

Jumatano, 5 Machi
Maziwa tangu asubuhi. Jagi baada ya jagi. Maganda ya mayai nimeyasaga, nikayanywa na uji. Mume wangu kauliza kama najenga ukuta tumboni. Nikamkumbusha kwamba yeye alisoma usiku wa kuamkia mtihani, na akafaulu. Tumbo linanguruma kama kinu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelala mashineni nimebana pumzi. Na mengine nimeyabana. Daktari kasema mifupa imekonda. Nikamuuliza kama maziwa ya jana ameyaona. Hakucheka. Eti mfupa haujazwi kwa siku moja: ni chakula cha kila siku, vidonge, jua, kutembea. Na nisithubutu kupanda juu ya kitu chochote. Nikivunja nyonga, huenda nisiinuke tena. Nani atamfundisha mjukuu wangu kujibu watu?

Jumamosi, 8 Machi
Bi Manukato kaja. Anazunguka na mtoto sebuleni, mimi nimezingirwa mito kwenye kochi kama yai. Kaniambia pole dada, kumbe bado unaumwa. Kwa sauti ya msibani! Nikasema mimi mzima, tena pazia lile nalishusha sasa hivi nikalifue. Nikapanda kigoda. Kikacheza. Kah! Nikaangukia mkono.
Binti yangu kaja mbio, akapapasa nyonga yangu kwanza. Nzima. Ndipo akalia.
Mtoto hata hakuamka. Ana moyo wangu.

Jumapili, 9 Machi
Naandika kwa kushoto. Plasta mpaka kiwiko. Bi Manukato ndiye anamwogesha mjukuu wangu! Vidonge nimevisukuma nyuma ya kabati, vinakwenda polepole mno. Daktari ataupima mfupa tarehe kumi na tano mwezi ujao.
Nimeshamwambia muuza maziwa: tarehe kumi na nne alete ndoo nzima.