Feruzi Kinyozi na Mbegu za Ini

Jumatatu, 5 Machi 2001, Rumonge
Macho yangu yamekuwa ya manjano kama bizari. Wateja wanne wameniona, wakakata kona hadi kwa Kabwe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kabwe anajisifu kwamba kila kichwa anakipa wembe mpya. Mbwembwe tupu! Mimi wembe mmoja unanitosha kutwa. Nimejinunulia miwani nyeusi. Nani ataona macho?

Jumanne, 6 Machi
Miwani ilikuwa kosa. Nimemkata mtu sikio. Halafu askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, wakanidhania mpelelezi wa waasi, wakanikalisha juani saa tatu nzima. Mke wangu Mwasiti akaja kuniombea. Wakaniachia. Yeye hakuniachia: mkono kwa mkono mpaka hospitali.

Jumatano, 7 Machi
Benita, muuguzi mwenye asili ya Uvira, amenipima damu. Kirusi cha homa ya ini. Nikamwomba aniandikie cheti cha malaria, nikibandike kibandani. Akakataa kabisa! Lakini akanipa habari tamu: ndani ya ini kuna seli kama mbegu, ini likiumia zinaamka na kuzaa nyama mpya. Basi nimepona! Nikasimama nivae viatu.
"Papa Feruzi, ini haiko mkia wa mjusi," akasema. "Kaa."
Nikakaa. Kumbe kirusi hakichoki. Kinaumiza kila siku, mbegu zinaamka kila siku. Miaka ikipita, badala ya nyama panajaa makovu, na mbegu nyingine huharibika, zikawa saratani. Kama kirusi kinaingia ndani ya mbegu zenyewe, hata mabingwa bado wanabishana. Kisha akauliza kuhusu wembe wangu. Nikatazama dirishani.

Ijumaa, 9 Machi
Mwasiti amepimwa. Mzima! Nimelia, nikasingizia vumbi.
Jioni nimekwenda kwa Uledi, mteja wangu wa miaka kumi. Alikimbia vita Kizuka, sasa amelala kwa shemeji yake. Tumbo limevimba kama ngoma. Ni ini. Benita alisema hakuna awezaye kujua nani alimwambukiza nani. Nikamweleza Uledi yote, hata habari ya wembe. Milimani risasi zililia, hatukushtuka.
"Hatukujua," akasema mwishowe. "Sasa weye unajua."
Nimerudi kwa miguu, taratibu. Ini langu linajijenga bila kuniuliza, kama watu wa Kizuka wanaoezeka nyumba ileile kila inapochomwa. Lini linapumzika?

Jumamosi, 10 Machi
Wembe nimeutupa chooni. Mwasiti amenipikia samaki wa mukeke kwa furaha. Nimeapa mbele yake: kunyoa, basi!

Jumatatu, 12 Machi
Nimepata kazi safi! Wasichana wa huko Gatete wanataka kutogwa masikio kabla ya Pasaka, na Kabwe hajui kutoga. Mpaka saa sita nimetoga kumi na mmoja. Wembe ulikuwa na hatari zake, nakubali. Sindano ni kitu kingine. Tena ninayo moja nzuri sana, haijapinda hata kidogo.