Projekta na Suti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimenunua projekta! Imetumika kidogo tu, ofisini kwa watu waliofunga biashara. Mke wangu kaitazama, kisha kanitazama mimi. Sijali. Jumamosi mama mkwe anakuja, nami nitamwonyesha mkanda wa video wa harusi yake ukutani, marehemu baba mkwe akiwa mrefu kama mlango. Tangu deki yake iharibike hajamwona mumewe akitembea. Akimwona, ataacha kuniita "yule". Yule amekuja. Mpeni yule kiti. Mkwe mwenzangu, mume wa dada wa mke wangu, yeye anaitwa "mwanangu". Kisa? Ana televisheni kubwa. Hamalizi sentensi bila kutaja inchi zake, ndiyo maana namwita Bwana Inchi. Lakini mkanda ninao mimi. Nimeuficha chini ya mto.

Jumanne, 4 Juni

Kikwazo kidogo. Deki yangu ya zamani ina matundu ya duara: njano, nyeupe, nyekundu. Projekta ina tundu moja jembamba la HDMI. Hawa wawili hata salamu hawapeani. Nimekwenda dukani. Muuzaji akaniuliza nataka kidude cha kugeuza signali kutoka wapi kwenda wapi. Nikamjibu kutoka dukani kwenda nyumbani. Akacheka, nami nikacheka kumshinda, nikachukua kilichokuwa karibu na mkono. Kizuri sana. Kina taa ya bluu.

Alhamisi, 6 Juni

Ukuta umeandika: hakuna signali. Nimebadilisha waya. Hakuna signali. Nimeipiga projekta kofi la upole. Hakuna signali! Nikailaumu deki, nikaulaumu umeme, nikamlaumu jirani na redio yake. Mke wangu akaja, akakigeuza kidude, akasema kina mshale. Hiki kinapokea HDMI na kutoa zile rangi tatu. Sisi tunataka kinyume chake. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nakipima. Kumbe dukani vya upande ule mwingine vimekwisha. Akauliza basi kwa nini tusiende wote kutazama mkanda kwa dada yake, kwenye televisheni kubwa. Chakula kikanishinda.

Ijumaa, 7 Juni

Bwana Inchi anacho kidude cha upande sahihi. Nimemeza mate machungu, nimempigia. Nikasema nakihitaji kwa utafiti. Akasema kidude chake hakitoki nyumbani bila yeye, atakuja nacho kesho akichomeke mwenyewe. Mjanja! Lakini mimi si wa jana. Nitamwacha achomeke, kisha nimwombe aniangalizie bomba la jikoni linalovuja. Mama mkwe akiingia ananikuta mimi peke yangu, mkono juu ya projekta. Bomba halivuji. Nimelilegeza kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelilegeza sana. Asubuhi maji yalikuwa mpaka sebuleni. Mama mkwe kafika mapema, kauliza yule yuko wapi. Yule alikuwa chini ya sinki, kalowa chapachapa. Bwana Inchi ndiye aliyetundika mablanketi madirishani, ndiye aliyechomeka kidude. Nikatoka jikoni na spana mkononi, na baba mkwe huyo ukutani, anaingia ukumbini, hai kabisa!

Mama mkwe akafunika uso. Akasema suti ile! Kijani cha kutisha. Alimsihi asiivae siku ya harusi, naye akaivaa. Roho ikaniuma, yaani shughuli yote hii ili bibi wa watu akasirike. Nikaamua kupunguza rangi. Ubavuni mwa kidude kuna kiswichi cha mfumo wa rangi. Bwana Inchi akasema nisiguse, kidude ni chake. Nikasema projekta ni yangu. Tukavutana. Kiswichi kikalia tik, rangi zote zikatoweka. Harusi nzima nyeusi na nyeupe. Nikajua nimekwisha.

Mama mkwe akapiga kelele tusiguse tena. Akainuka, akaenda karibu na ukuta. Akasema miaka yote akiutazama mkanda huu alikuwa anaiona suti tu, hakuwahi kumtazama mumewe usoni. Kumbe mume naye hakutazama kingine ila yeye, tangu mlangoni mpaka kwenye viti. Akalia. Akacheka huku analia. Kisha akauliza nani kaziondoa rangi. Bwana Inchi akaninyooshea kidole upesi, asije akalaumiwa yeye.

Mama mkwe akaniambia, mwanangu, njoo ukae hapa karibu yangu. Nikakaa. Suruali ilikuwa inachuruzika maji, lakini sijawahi kukaa vizuri hivyo maishani.

Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe anakuja tena Jumamosi! Anautaka mkanda uleule. Amempigia mke wangu kusema mwanangu asibadilishe kitu, auache vilevile. Maskini, anaona haya kunisumbua. Mimi ndiye mkwe wake, lazima nielewe hata asichosema. Nimeshanunua kidude kingine, hiki kinarudisha rangi na kuzikoleza mara dufu. Mke wangu kauliza kama safari hii nimetazama mshale. Nimemwambia mtu mwenye mipango mikubwa hana muda wa kutazama mishale. Natamani Jumamosi ifike leo. Nauona kabisa uso wa mama, suti ile ikimwakia kijani ukuta mzima!