Kondoo Dume wa Mama Jebet na Miaka Kumi na Minne

Jumatatu, 3 Machi

Nimesomewa mashtaka leo katika mahakama ya Eldoret. Wizi wa mifugo. Mifugo! Kondoo mmoja! Karani alisoma kwa sauti kama nimekomba boma zima. Nikakana. Nilikana vizuri, nikitazama dari kama mtu aliyeonewa.

Ukweli, ambao utabaki humu ndani: nilimtoa kondoo dume wa aina ya Dorper kwenye zizi la jirani yangu Mama Jebet, kijijini kwetu Ziwa, bila kumwambia. Nilitaka anipandie kondoo wangu wanne. Kuomba? Mimi? Tangu huyo dume ashinde zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya wakulima na wangu kuambulia makofi, salamu zetu zimekuwa za mbali. Basi alikaa kwangu siku mbili. Hakupanda hata mmoja. Alikula kabichi zangu zote. Alfajiri ya tatu nikampakia bodaboda nimrudishe, nikamvisha koti la mvua la mke wangu ili aonekane abiria. Polisi kwenye kizuizi hawakumwona abiria.

Nilikamatwa nikirudisha! Mwizi gani hurudisha?

Hakimu amesema kosa hili linaweza kufika miaka kumi na minne. Binti yangu yuko gredi ya tatu. Nikitoka atakuwa amemaliza chuo Chepkoilel. Shemeji aliweka kitabu cha usajili wa trekta yake nikapata dhamana. Amesema nikitoroka atanifuata na hiyo trekta.

Jumanne, 4 Machi

Nitajitetea mwenyewe. Wakili wa nini? Nimenunua tai ya zambarau na kuandika maswali arobaini na saba ya kumbana Mama Jebet. Swali la kumi na mbili ndilo litamwangusha: je, kondoo huyu ana tabia ya kutembea ovyo? Pia nitaomba kondoo mwenyewe aletwe mahakamani, waone jinsi asivyoniogopa.

Nimefanya mazoezi mbele ya ng'ombe. Wamesikiliza vizuri. Rael, mke wangu, ameuliza tu koti lake litarudi lini. Nikamweleza kuwa sasa ni kielelezo cha mahakama. Akaenda kukamua.

Alhamisi, 6 Machi

Mkosi juu ya mkosi. Nimekwenda stejini kumpanga Khalid, yule wa bodaboda aliyetubeba. Nilitaka aseme kondoo alitufuata kwa hiari yake. Khalid akasema pole sana, alishaandikisha taarifa polisi. Amewaeleza yote, mpaka kwamba pale kizuizini nilimwita kondoo shangazi.

Halafu karani ananiambia kondoo hatakuja. Alipigwa picha akarudishwa kwa mwenyewe, maana serikali haiwezi kulisha kielelezo. Picha ndiyo itakuja. Sasa picha nitaiuliza nini?

Ijumaa, 14 Machi

Kesi imetajwa. Nimekaa kwenye benchi nje ya mahakama na Kinyanjui, mzee mchangamfu anayeshtakiwa kwa betri za lori, na si mara yake ya kwanza. Nikampa maswali yangu asome. Alisoma matatu, akauliza kama nimekula.

Kisha akanifungua macho. "Kijana, kesi za wizi haziishii huko ndani. Zinaishia hapa kwa benchi. Unaongea na mwenye mali, unakubali kosa kidogo, watu wa probation wanachunguza tabia yako, wanaandika ripoti, unaenda nyumbani."

Nikatazama. Kweli, kila mshtakiwa alikuwa pembeni akimnong'oneza mwenye mali, isipokuwa mmoja aliyelala. Na mimi na tai yangu. Mwendesha mashtaka akaniita, akasema Mama Jebet akiridhia, atabadilisha shtaka liwe dogo. Asiporidhia, ile miaka inabaki. Nimekasirika! Maswali arobaini na saba!

Rael amesema kama kiburi changu ni kikubwa kuliko mtoto, basi nisitarajie aje jela kuniletea sabuni.

Jumamosi, 22 Machi

Tumekwenda kwa Mama Jebet: mimi, Rael, sukari kilo mbili, na Bridgit, ofisa wa probation. Mpango wangu ulikuwa safi. Nisikiri. Niseme tu kulitokea hali ya kutoelewana kuhusu kondoo.

Kwetu huku huanzi neno kabla chai haijaisha. Kwa hiyo nikanywa vikombe vitano. Cha sita Rael alikifunika kwa kiganja.

Sasa, Mama Jebet ni mwalimu mstaafu. Alinifundisha darasa la nne. Nilianza na hali ya kutoelewana, akaninyamazisha kwa kidole.

"Kipkoech, sitaki pesa yako. Sema chenye ulifanya."

Nikajikuta nimesimama, mikono nyuma. "Nilichukua kondoo wako bila kukuomba, Mwalimu."

Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku ya kondoo na koti. Mama Jebet akamimina chai nyingine, akasema nusu ya Ziwa wamemtumia huyo dume, bure, mradi waombe. Hata mimi angenipa. Kwa nini sikuomba? Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Ametia sahihi karatasi ya kuridhia aliyokuja nayo Bridgit.

Jumanne, 25 Machi

Nimekiri shtaka dogo. Dakika sita, imekwisha! Hakimu alisoma ripoti ya Bridgit: mtu wa familia, ana majuto, ana mawazo mengi mno. Nimepewa miezi mitatu ya huduma kwa jamii, kufyeka nyasi kwenye ofisi za serikali. Nikaomba nisome angalau swali la kumi na mbili. Alikataa.

Nyumbani nilimkumbatia binti yangu mpaka akalalamika. Nimeapa mbele yake na mama yake: cha mtu sikigusi tena bila kuomba. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya tatu ya kufyeka. Mvua imenyesha, nyasi zimefika magotini, na hawa watu wanazichoma! Nimezipeleka kwa ng'ombe wangu. Msimamizi aliruhusu, tena akanishukuru.

Lakini nyuma ya ofisi kuna kipande kimezungushiwa seng'enge. Nyasi za huko ni nyororo, kijani kibichi, nyasi za sherehe. Kibao kinasema ni majaribio ya mtafiti wa kaunti, miaka miwili sasa. Nimekisoma chote, mimi si mtu wa kupuuza maandishi. Leo saa saba, mtafiti alipokwenda kula, nimekifyeka kipande chote. Ng'ombe wamefurahi ajabu.

Ningemwomba kwanza, lakini ilikuwa wazi kwamba angekataa.