Jordan ya Watu Wawili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Fungate yetu nasema iwe Jordan. Diani, kule pwani, kila mtu ameenda. Hata Jepchumba ameenda! Jepchumba ni mke wa Hezekiah, kaka mkubwa wa mume wangu. (Mume wangu! Kiplimo wangu!) Alipelekwa Diani baada ya arusi yake, na tangu hapo hajala samaki bila kutuambia yule wa Diani alikuwa mtamu zaidi.

Wenzake Kiplimo kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, walituzawadia safari ya fungate ya watu wawili. Popote tunapotaka, kupitia wakala mmoja wa hapa Nakuru. Sharti ni moja: tusafiri ndani ya likizo yake hii, na likizo inaisha na Agosti.

Basi nimeona video za jangwa la Wadi Rum. Mchanga mwekundu. Hema jeusi la manyoya ya mbuzi. Chai juu ya makaa. Nyota zimeshuka mpaka unaogopa kusimama usije ukazigonga. Mimi na Kiplimo juu ya zulia, na hakuna mtu wa kutuuliza mahindi yamefika wapi. Nililia. Jirani yangu Sundus, ambaye dada yake anafanya kazi Amman, alisema kweli ni kuzuri, ila huko pia watu hupanga foleni ya mkate. Sikutaka kusikia habari ya foleni.

Kiplimo amekataa. Kwa upole, lakini amekataa. Anasema mwaka mzima yuko ndani ya joto, vumbi na mvuke unaonuka yai viza. Leo likizo nimpeleke kwenye joto na vumbi jingine? Anataka maji. Anataka Diani.

Nimetabasamu tu. Nina mpango.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: kumletea jangwa nyumbani. Nilitoa viti vyote nje. Nikatandika mazulia ya Sundus, nikafunga shuka darini likawa hema. Nikapika wali wa nyama ya mbuzi kwenye sinia moja. Sundus akaniazima chetezo cha kufukizia udi, na udi wenyewe, akanionya niweke kipande kidogo kama ukucha. Nikaona mapenzi yetu si ya ukucha. Nikaweka ngumi nzima na kufunga madirisha yote ili harufu isipotee.

Kumbe watu wa Olkaria hufunzwa jambo moja kabla ya mengine yote. Ukifungua mlango ukakuta moshi na harufu usiyoijua, huulizi swali. Unatoa watu. Kiplimo hakuona hema. Hakuona mito. Hakuona dera langu jipya. Aliniona mimi, akanibeba begani (mpenzi wangu!), akanitoa mbio, kisha akarudi kugonga kila mlango wa ploti, akiwaamuru watu wakimbilie upande upepo unakotoka. Wapangaji wote wakapangwa langoni, mmoja akiwa na povu la sabuni kichwani. Akawahesabu. Mama Lewis alihesabiwa mara mbili kwa kuwa hakutulia.

Sundus akafika, akanusa. Akasema jamani, huo ni udi wangu wa sikukuu!

Wali ulikwenda na paka. Viti vilinyeshewa.

Lakini alinibeba!

Ijumaa, 8 Agosti

Kariandusi. Wanachimba udongo mweupe pale, karibu na Elmenteita. Niliwaza hivi: ukisimama machimboni ukakunja macho kidogo, hilo ni jangwa kamili. Jua liwake, upepo upeperushe mtandio wangu, moyo wa Kiplimo ulainike. Nilimwambia tunaenda kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale. Anapenda historia, maskini.

Mvua! Nimezaliwa na kukulia Bonde la Ufa, juzi tu viti vimenyeshewa, na bado sikukumbuka kwamba Agosti hunyesha. Ule udongo ukilowa ni uji. Niliteleza, akanishika, tukaenda chini wote wawili. Mlinzi akamwambia Kiplimo, pole boss, mshike mathe vizuri. Mathe, yaani mama! Mimi, bibi arusi!

Na langoni kwetu alikuwa nani? Jepchumba, ameleta maziwa. Akatuzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza kama tumepaka nyumba chokaa au ni nyumba iliyotupaka sisi. Kisha akasema, kwa sauti tamu sana, kwamba mchanga wa Diani nao ni mweupe, ila ukioga unatoka.

Kiplimo alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda, nikamchukia, nikampenda tena.

Jumapili, 10 Agosti

Kabazi, shambani kwa Mama mkwe. Mpango wa tatu, na huu ni wa akili. Kiplimo anaweza kumkatalia mtu yeyote isipokuwa mama yake. Basi Mama akiipenda Jordan, Jordan tutaenda!

Tulikuwa tunamenya viazi. Nikamwambia taratibu kwamba huko ndiko uliko Mlima Nebo, Musa aliposimama akaonyeshwa nchi ya ahadi. Na Mto Yordani ndio huo huo, unaguswa kwa mkono. Nikamwonyesha kwenye simu. Mama akaacha kumenya. Akafuta mikono kwa leso. Akaniomba nirudie. Chozi likaanguka kwenye sufuria ya viazi.

Ushindi!

Akamwita Kiplimo. Akamkumbusha ile safari ya kanisa ya kwenda nchi takatifu, iliyovunjika wakati wa korona. Sanduku lilikuwa limeshapangwa. Marehemu baba yao alikuwa amenunua kofia ya jua. Mama alisema pasipoti bado anayo, imekaa tu ndani ya Biblia, na kofia nayo ipo.

Kiplimo alitoka kwenda kutazama ng'ombe, na ng'ombe hawakuwa na shida yoyote. Nikajua amelainika. Nikamkonyeza Mama. Hakuona, alikuwa akifuta macho.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi Kiplimo alinishika mikono yote miwili. Akasema nimemfungua macho. Akasema hakuna mke mwingine ambaye angewaza jambo kama hilo. Nikafumba macho kulisubiri neno Jordan. Likaja.

Mama aende, akasema.

Nikamkumbusha kwamba safari ni ya watu wawili. Kweli kabisa, akasema, Mama hawezi kwenda peke yake na magoti yale. Nikarukia hapo hapo. Nitamshika mkono mimi! Hatua kwa hatua, mpaka kileleni! Akaguswa sana. Akaniuliza pasipoti yangu iko wapi.

Ee Mungu. Pasipoti.

Baada ya arusi nilikataa katakata kuiomba kwa jina langu la zamani. Nilitaka kila ofisa wa mpaka duniani asome jina la Kiplimo nyuma ya langu. Kwa hiyo kitambulisho kilirudi kwanza kubadilishwa jina, na mpaka leo hakijatoka. Sina pasipoti. Sina hata kitambulisho. Nina karatasi ya kusubiri. Niliamini mapenzi yatafungua njia.

Kiplimo akaanza kufikiri kwa sauti. Yeye mwenyewe hana. Mbali na Mama, nani katika ukoo huu ana pasipoti? Kuna mmoja tu. Aliyewahi kutafuta kazi ya uuguzi Qatar.

Jepchumba!!

Ningeweza kusema hapana. Zawadi ni yetu sote. Nilifungua kinywa kabisa. Kisha nikaikumbuka ile kofia ya baba yao, na kinywa kikajifunga chenyewe.

Jumamosi, 23 Agosti

Wameondoka. Nusu ya kanisa iliwasindikiza uwanja wa ndege, na nyimbo, na chapati kwenye ndoo. Mama alivaa sare ya akina mama na ile kofia juu ya kitambaa. Alinivuta pembeni akaniambia sikioni kwamba Mungu ndiye aliyenileta nyumbani kwao. Ningesema nini? Nilisema amina.

Jepchumba naye alinikumbatia. Akauliza kama nina salamu kwa ngamia. Nikamjibu asijali, watajuana.

Jumanne, 26 Agosti

Kabazi. Ng'ombe wa Mama hawawezi kujilisha, kwa hiyo fungate yetu iko hapa. Nimepigwa teke mara mbili, na ng'ombe yule yule. Hezekiah huja kula kwetu kila jioni kwa sababu mke wake yuko Jordan. Jordan yangu!

Picha zimefika. Jepchumba juu ya ngamia, miwani nyeusi. Jepchumba ndani ya hema. Jepchumba na chai. Halafu moja ya Mama, mlimani, mkono juu ya macho, anatazama mbali. Nyuma yake ni vumbi tupu. Ujumbe wake wa sauti ukaja baadaye: ameiona nchi ya ahadi, kidogo, upande wa kushoto. Na kwamba alimsimulia marehemu baba yote aliyoyaona.

Kiplimo aliisikiliza sauti ile tena na tena, akiwa ameshika ndoo ya maziwa. Kisha akaja akakaa karibu nami. Akasema likizo ijayo ni yangu, na safari hii nimwambie moja kwa moja ninachotaka, bila hema, bila udi, bila kumpitia mtu. Nikaahidi kwa moyo wangu wote. Ana macho mazuri sana.

Nimelala chali nikiwaza. Mpango haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa moja tu: nilimchagua mzee mwenye pasipoti.

Sasa, Kiplimo ana shangazi kule Mogotio, Chelimo. Anamwogopa kuliko mama yake. Hana pasipoti, na ndege haziamini hata zikipita juu. Nasikia habari za Yusufu kule Misri humtoa machozi. Na Misri, mapiramidi jioni, mchanga kila upande, mimi na Kiplimo wangu...

Kabla mwezi huu haujaisha lazima tumtembelee. Nitambebea sukari.