Sambusa za Meza ya Wakwe, Sita kwa Kipeo cha Tano

Gitega, Jumatano, Agosti 1986

Kwa Mzee Uthmani, mshenga wetu, Muyinga

Mzee wangu,

Shikamoo. Baada ya shikamoo nakuomba ukae chini kwanza, maana barua hii haifai kusomwa mtu amesimama. Sisi huku tu wazima, ila mimi nina hasira tangu Ijumaa, na hasira yenyewe inamhusu kijana wako Houssein, mwalimu wa hesabu, ambaye Jumamosi hii anatarajia kumwoa binti yangu Kulthumu. Nasema anatarajia. Nimesikia aliporudi huko alilisimulia jambo letu kama kichekesho, na wewe peke yako hukucheka, bali ulinitumia salamu kwamba hesabu yangu umeikubali bila swali hata moja. Mungu akuweke. Kwa sababu hiyo malalamiko yangu nayaleta kwako, kama ifuatavyo.

1. Yeye ndiye aliyeanza. Nilimuuliza kwa adabu zote, sambusa ngapi ziwekwe kwenye meza ya wakwe. Mtu mwingine angejibu. Yeye akachukua kikaratasi, akaandika 2³ × 3², akapiga mstari chini yake, akapanda gari kurudi Muyinga. Jibu hakuliandika. Angeliandika angekufa?

2. Mimi shule sikuimaliza. Mwaka wa uhuru nilikuwa darasa la tatu, mama akanitoa nimsaidie kukaanga, na tangu hapo sijaondoka kwenye karai. Lakini masikio ninayo. Kulthumu alipokuwa akijisomea kwa sauti pembeni ya jiko langu, nilizisikia kanuni mbili za hizi namba zenye namba ndogo begani, na zote nimezishika mpaka leo. Ya kwanza inasema, za chini zikifanana, za begani zijumlishe. Ya pili inasema, za begani zikifanana, za chini zizidishe. Basi nikakichukua kikaratasi cha mkwe nikazitumia zote mbili, nisionekane napendelea. Mbili mara tatu, sita. Tatu na mbili, tano. Sita kwa kipeo cha tano! Nikachukua mkaa, nikazidisha ukutani, nikafuta, nikazidisha tena, mpaka nikafika: sambusa elfu saba, mia saba sabini na sita. Kwa kweli idadi ilinishtua, nikajisemea, kumbe watu wa Muyinga wanakula hivi! Lakini nilifurahi, Mzee wangu, sikufichi. Ilikuwa hesabu ya kwanza niliyoifanya peke yangu tangu uhuru.

3. Tena sikukurupuka. Niliomba ushauri kwa jirani yangu Faida, yule Mkongomani wa Bukavu anayeuza vitunguu sokoni. Akautazama ukuta, akasema hesabu iko sawa, tena iko muzuri sana, na kesho yake asubuhi akaniletea magunia ya vitunguu. Hakuna mtu aliyenielewa haraka kama yeye, ukijitoa wewe. Unga ukaja. Viazi vikatoka Bugendana vichwani mwa watu. Mpaka leo wanawake wa mtaa wamekaa uani kwangu wanasukuma manda, na manda zimejaa hadi kitandani, mimi nalala kwenye kiti.

4. Ijumaa Houssein akaja kutusalimia. Akaona manda, akauliza kulikoni, nikamwonyesha ukuta. Akacheka. Mzee wangu, alicheka mbele ya wanawake wote, mpaka akashika mlango asianguke. Alipopata pumzi akaanza kunifundisha, eti za chini zisipofanana na za begani nazo zisipofanana, hakuna njia ya mkato. Kila moja ihesabiwe kwake kwanza, ndipo zikutanishwe. Mbili mara mbili mara mbili, nane. Tatu mara tatu, tisa. Nane mara tisa, sabini na mbili. Alikuwa na maana ya sambusa nane kwenye boksi, maboksi tisa mezani. Sabini na mbili! Hizo mimi nazikaanga huku nasinzia. Iliniuma sana. Hesabu haikuniuma, ni kile kicheko, maana ukutani pale nilikuwa nimeandika kitu cha kwangu.

5. Sasa naomba Muyinga inijibu. Kanuni ya kwanza ni kweli, mwenyewe amekiri. Ya pili ni kweli, amekiri. Inakuwaje kweli mbili zioane kihalali, halafu zizae uongo? Alijaribu kunitega kwa mfano. Akasema, Mama, chukua mbili mara tatu tu, kila moja ina moja begani. Kwa njia yako itakuwa sita kwa kipeo cha pili, yaani thelathini na sita. Nikamwambia huo ni mfano wa watoto, sisi hapa tuna harusi. Na tangu lini hesabu ya mtu mwenye heshima ikampunguzia mkwe chakula?

6. Wewe ulituambia wakwe watakuwa kumi na wawili. Nimeshagawa: kila mmoja sambusa mia sita arobaini na nane, na chai. Matumbo ya Muyinga yakishindwa, waiteni watu wa Gashoho, waiteni wa Buhinyuza, na yeyote anayepita kuvuka kwenda Tanzania asimamishwe ale kwanza. Kurudisha unga dukani ni kukubali kwamba nimekosea, na mimi sijakosea.

7. Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Houssein asimame mbele ya wakwe atamke kwamba, angalau hapa Gitega, hesabu yangu ni sahihi. Huko shuleni kwake aendelee na ya kwake, sitamwingilia. Asipotamka, Kulthumu hatoki ndani. Kulthumu mwenyewe amenuna, anasukuma manda bila kunitazama, na jana nilimfuma anafuta ukuta kwa kitambaa kibichi. Nikaandika upya, kubwa zaidi.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na binti zako watatu. Msalimie na mama yake Houssein, mwambie sina neno naye, kijana amemlea vizuri, kasoro kicheko tu. Faida naye anawasalimu, anauliza kama Muyinga vitunguu vinatosha.

Ni mimi, mama wa bibi harusi na mpishi wake,
Mwajuma

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha ndipo akaingia binti yako Pili na ujumbe mwingine kutoka kwako. Anasema vile vitenge tulivyokuahidi kwa kazi ya ushenga, viwili viwili kwa binti zako watatu, sasa kwa kuwa umeikubali hesabu yangu vimekuwa sita kwa kipeo cha pili, vitenge thelathini na sita, na ungependa viwe vya nta. Mzee wangu! Mbili mara tatu ni sita. Ilikuwa sita kabla ya uhuru na ni sita leo. Nimerudi ukutani kuzitafuta hizo thelathini nyingine, sikuziona. Kama una shaka muulize mkwe wangu Houssein, jambo hili aliwahi kulieleza vizuri kabisa, na mfano ni huohuo. Kijana amesoma, Mungu amzidishie. Vitenge vyako ni sita, Pili anarudi navyo. Sambusa ni sabini na mbili. Unga unarudi dukani leo, na vitunguu namrudishia Faida, ingawa tangu Pili aingie sijui amejificha wapi. Mwambie Houssein harusi ipo, aje, Kulthumu anamsubiri. Ila akifika mlangoni asicheke.