Vita vya Shahidi wa Pili

Tegeni masikio, enyi nyote mliowahi kusimama mbele ya meza ya karani mkaambiwa rudini kesho! Wekeni chini vikombe, nyamazisheni simu, niwasimulie habari za Mama Sindano, fundi cherehani mkuu, mshona sare za shule tatu, asiyewahi kupindisha pindo tangu ashike mkasi, na jinsi alivyouteka ule mstari wa chini kabisa ambapo shahidi wa pili hutia sahihi.

Jueni kwanza chanzo cha vita. Talaka yake ilikuwa na miaka minne, imepigwa mhuri na kukauka, lakini wosia wake wa zamani ulikuwa ungali unanena kwamba siku atakapofumba macho, nyumba iende kwa "mume wangu mpendwa". Jumatatu alikuwa apasuliwe goti. Naye aliapa hatalala chini ya kisu kabla nyumba haijaandikwa kwa bintiye wa pekee, maana daktari ni binadamu.

Basi Ijumaa akaiendea ofisi ya wakili akichechemea kwa fahari, nyuma yake jeshi la ukoo: binti, dada, shangazi na binamu wawili, pamoja na jirani aliyekuja kusindikiza tu. Wosia mpya ulikuwa tayari, kurasa saba. Wakili akainua kidole.

"Mama, nataka mashahidi wawili. Karani wangu ni mmoja. Wa pili asiwe mtu anayerithi chochote humu. Na saa sita nafunga."

Ole! Shujaa wetu, kwa kuogopa manung'uniko ya msibani, alikuwa amemgawia kila mtu. Dada kabati, shangazi sufuria kubwa, binamu cherehani moja moja, jirani majogoo wawili. Wema wake ukamgeukia.

"Mmoja wenu ajitoe," akasihi. "Dada?"

Dada akasimama wima. "Kabati? Kabati lililonivunja kidole hiki tukilihamisha? Kukufia niko tayari, ndugu yangu, lakini kabati siliachii!"

"Shangazi, ni sufuria tu."

"Mwanangu," akanena shangazi, mkono kifuani, "hiyo si sufuria, hiyo ni heshima. Nikiikosa, watu wakiniuliza nitasema nini?"

Binamu wakakagua dari. Jirani akasema majogoo ameshawapa majina.

Saa sita kasoro robo, binti akakohoa. "Mama, kuna mtu mmoja hukumpa kitu. Yuko chini."

Kila mtu akamjua. Chini ya ngazi, kwenye mashine ya fotokopi, alifanya kazi mtalaka wake, ambaye kwa miaka minne Mama Sindano alimkwepa kwa kupitia mlango wa nyuma wa jengo.

"Bora nife bila wosia!"

"Ukifa bila huu," akasema wakili, "ule wa zamani unasimama. Nyumba ni yake."

Akashuka. Ngazi ishirini na mbili, goti likilia kila moja, mpaka akasimama mbele ya mtu ambaye angetajirika kwa kusema hapana.

"Nataka sahihi yako. Nakutoa kwenye wosia."

"Kumbe nilikuwamo?"

"Nyumba nzima."

Mzee akazima mashine. "Na sasa napata nini?"

"Hupati hata kijiko."

"Nyumba inakwenda kwa nani?"

"Kwa mtoto."

Akafuta wino vidoleni polepole, kidole kimoja kimoja. "Miaka minne nawaambia watu mwanamke huyu alinitupa kama karatasi iliyokwama," akasema. "Kumbe muda wote huo nilikuwamo. Shika bega langu. Kupanda ni kubaya kuliko kushuka."

Naye akalishika, akitazama ukutani ili bega lisijione sana.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, kalamu ikashuka, jina likaandikwa, mhuri ukalia kishindo! Ukoo ukapiga vigelegele, dada akilishangilia kabati, shangazi akiibariki sufuria, na Mama Sindano akatokwa na machozi ambayo hakuyapangia.

Na iandikwe, isomwe na vizazi: siku ile, katika chumba kile, mtu mmoja tu alikubali kutopata kitu, naye hakuwa wa ukoo tena.