Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025
Doa limekua. Ukuta wa nje wa chumba cha wageni, upande wa mlimani, umelowa kutoka chini hadi karibu na dirisha. Nimeubonyeza kwa kidole. Lipu imebonyea kama ugali. Sikuthubutu kubonyeza tena. Na mke wangu Ottilia ametangaza wakati wa chai kwamba mama yake anakuja kutoka Tingi, atalala chumba hicho hicho. Nimepaliwa. Nyumba ikimwangukia Mama Walburga, ukoo mzima utapanda huku Mbinga kunitafuta.

Jumanne, 4 Machi
Mkosaji amepatikana. Jirani yangu Nazari. Bafu lake liko juu yangu, maji yake yanashuka kwa mtaro hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba yangu. Lazima yanapenya ardhini. Ila Nazari ni mwenyekiti wa jumuiya, tena ana mikono kama mapanga. Huwezi kumshtaki bila ushahidi. Nimechukua bluu yote ya kufulia ya Ottilia nikaimwaga mtaroni. Ukuta ukigeuka bluu, kesi imekwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Ukuta haujageuka bluu. Bata wa Nazari wamegeuka. Kumbe huogelea humo. Nazari amekuja kuniuliza kwa upole kama nimeona mtu karibu na mtaro. Upole huo ndio ulionitisha. Nikamwambia huenda ni ugonjwa. Akasema basi atamwita bwana mifugo. Tangu hapo nikisikia pikipiki nadhani ni yeye, najificha nyuma ya mlango. Ottilia anatafuta bluu yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe anafika kesho. Hakuna tena muda wa kutafuta chanzo, ni kuficha tu. Nimepaka doa rangi ya mafuta, ya kijani, iliyobaki kwenye milango. Maji hayaonekani. Yamekwenda wapi, sitaki kufikiri.

Jumapili, 9 Machi
Nimejua yalikokwenda. Mama Walburga alipokuwa anajiandaa kwenda misa, bamba la lipu ya ndani liliporomoka juu ya kitanda alichokuwa amelalia muda mfupi kabla. Akatoka na vumbi kwenye kilemba, akauliza, "Mkwe wangu, nyumba hii ina ugomvi na mimi?"
Nikajibu, "Shikamoo, mama."

Jumatatu, 10 Machi
Ottilia ameuliza nani amepaka kijani. Nikaona nilifunge kopo la rangi kwa kitambaa, nilifukie haraka. Nikachagua tuta la udongo chini ya dirisha, nililolirundika mwenyewe Desemba hadi likaegemea ukuta, ili mvua isile msingi. Jembe la kwanza likatoa tope. La pili likazama ndani ya tofali. Nikaganda. Tuta langu lilikuwa limefunika msingi wa mawe likapanda juu ya matofali, na kila mvua iliyonyesha lilikuwa linaishikilia hapo. Nazari wa watu hana hatia.
Ndipo dirisha likafunguka juu ya kichwa changu. Mama Walburga akaona jembe, akaona shimo, akaona kitu kimefungwa kwa kitambaa. Akauliza, kwa sauti iliyofika barabarani, ninazika nini chini ya dirisha lake.
Majirani wakaja. Nyuso zao sitazisahau. Nikafungua kitambaa nikaeleza yote, hadi bluu. Afadhali kuitwa mjinga kuliko mchawi.
Nazari alisema tu, "Kumbe ni wewe." Kisha akaenda kuchukua koleo, akaanza kuliondoa tuta. Nilitamani anipige, yaishe.

Jumamosi, 15 Machi
Tuta limekwisha, msingi uko wazi, rangi imekwanguliwa. Nazari amechimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni. Mama mkwe amehamia chumba chetu, mimi nalala sebuleni. Jua linawaka tangu juzi na ukuta unakauka. Wote wanafurahi.
Mimi sijafurahi. Unakauka haraka mno. Fundi yeyote atakwambia lipu ikikauka haraka hupasuka, na kilichopasuka huanguka. Sikulala.
Leo wamekwenda sokoni wote. Nimeumwagilia maji, ndoo baada ya ndoo, kutoka dirishani hadi chini, mpaka umelowa vizuri. Sasa moyo umetulia kidogo.